Baada ya Kengele ya Mwisho

Majuma machache yaliyopita baba mmoja alitujia ofisini, fundi wa baiskeli, mzazi wa watoto watano. Mkononi alishika karatasi iliyotoka shuleni kwa binti yake wa miaka 13. Karatasi ilimtaka mzazi atie alama mbele ya klabu moja atakayoingia mtoto: Skauti, Malihai, Msalaba Mwekundu, Mdahalo, Kwaya au Bustani. Chini yake palikuwa na maneno kwamba watoto watabaki shuleni kila Jumatano hadi saa 11 jioni, na kwamba kila klabu itafanya kazi ya kujitolea kwa jamii mara moja kwa mwezi. Mzee yule aliiweka karatasi mezani, akatutazama, akasema: “Padri, mimi nimempeleka mtoto kusoma. Hiyo kazi ya kujitolea, nyumbani anayo tele. Na Jumatano maji atachota nani?”

Tulimjibu upesi, nasi twakiri kwamba tulimjibu vibaya. Tulimwambia kwamba mambo hayo ni mazuri, yanajenga tabia, atie alama popote. Alishukuru kwa adabu, akaondoka na karatasi yake tupu kama alivyokuja nayo. Tangu siku ile swali lake halitutoki moyoni, kwa sababu si swali la mvivu wala la mjinga. Leo twataka kulijibu kama ilivyotupasa kulijibu siku ile. Twajua kwamba wazazi wengi, mjini na shamba, wana karatasi ya namna hiyo ndani ya sanduku au nyuma ya picha ukutani, nao hawajui waifanyie nini.

JEMBE LA SHULE YA KATI

Wasomaji wetu wazee watakumbuka shule ya kati. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950, mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne, kisha wachache waliofaulu wakaingia shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane. Mafunzo ya shule hizo yalielemea sana kilimo. Palikuwa na shamba, palikuwa na mifugo, palikuwa na karakana, kwa kuwa serikali ya wakati ule iliona kwamba walio wengi wataishia hapo na kurudi kwao kulima. Wazazi wengi hawakupendezwa. Walisema kwamba jembe lipo nyumbani, tena lile la nyumbani lalisha jamaa. Mtoto amepelekwa shule apate lile ambalo nyumbani halipo. Hawakuwa na kosa. Mtoto aliamrishwa kulima, akalima, na siku ya mavuno hakuulizwa neno. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, shule za kati zilimezwa na shule za msingi, na darasa la nane likaondolewa.

Jina limekwisha, lakini umri ule haukwisha. Watoto wa miaka 11 hadi 15 wangali wapo, katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na katika vidato viwili vya kwanza vya sekondari. Majirani zetu wa Kenya wameufanyia umri huu daraja lake: tangu Januari 2023 wana gredi ya saba hadi ya tisa, na huduma kwa jamii imeingizwa katika mtaala wao. Nasi twafuatilia kwa hamu. Hofu yetu ni moja tu, kwamba huduma ikishatiwa alama, mtoto mwerevu hujifunza haraka kuihudumia alama.

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alitaka kila shule iwe na shamba au kazi nyingine ya kuzalisha mali. Lakini hakuishia hapo. Alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba lao, na wayaone matunda ya jasho lao: wakifanya vyema wafaidi, wakizembea wakose. Sehemu ile ya kwanza, yaani jembe, ilisomwa na kila mtu. Sehemu ya pili wengi waliiruka. Ndiyo maana katika shule nyingi watu wazima wa leo wakumbuka kulima mihogo ambayo hawakujua iliuzwa kwa nani wala kwa bei gani. Na mtu wa namna hiyo akisikia leo neno “kujitolea” katika barua ya shule, mgongo wamwuma kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Basi hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kujitolea ni neno lenye mtendaji. Mtu hujitolea, hatolewi na mwingine. Kazi ambayo mtoto hakuichagua, hakuipanga, wala hataona mwisho wake, yaweza kuwa kazi halali ya shule, kama kufagia uwanja au kupiga deki darasa, nayo yafaa ifanywe bila manung’uniko. Lakini tusiiite kujitolea.

WATOTO WENYEWE

Ukizichunguza klabu zilizodumu ulimwenguni, utaona kwamba karibu zote zilianza kwa kuwakabidhi watoto jambo la kweli. Mwezi wa Agosti 1907 askari mmoja Mwingereza, Baden-Powell, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi kisiwa kidogo cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa wana wa matajiri, wengine wana wa wafanyakazi. Hakuwapanga mstari mmoja kama kikosi cha askari. Aliwagawa katika vikundi vinne, akavipa majina ya wanyama na ndege, na kila kikundi akakiwekea kiongozi ambaye naye alikuwa mvulana. Kupika na kulinda kambi usiku vilikuwa juu ya kikundi chenyewe. Huo ndio mwanzo wa Skauti. Mtu yule alimalizia maisha yake hapa kwetu Afrika Mashariki. Alifariki Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri, Kenya. Wanaovaa skafu leo mara nyingi hujua kiapo na saluti. Jambo la vikundi vidogo, ambalo ndilo moyo wa mambo yote, hulijua wachache.

Kenya hiyohiyo, mwaka 1968, wanafunzi ndio walioanzisha vyama vya wanyamapori mashuleni, wakati ambapo hifadhi zilidhaniwa na wengi kuwa mambo ya watalii. Kwetu Tanzania klabu za Malihai zilianza mwaka 1980. Jina lao lilichongwa kutoka katika Kiswahili chetu: mali iliyo hai. Na mwaka 1991, katika baraza ya nyumba moja ya Dar es Salaam, wanafunzi 12 waliketi na mama Jane Goodall, yule aliyefika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Walimletea malalamiko yao juu ya mambo waliyokuwa wakiyaona katika maeneo yao. Kutokana na mazungumzo yale kikazaliwa chama kiitwacho Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi za dunia. Kanuni yake ni nyepesi: kila kikundi chatazama mahali kilipo, kisha chachagua chenyewe jambo moja la kuwafaa watu, moja la kuwafaa wanyama, na moja la kuyafaa mazingira. Mama yule alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Twapenda wasomaji wakumbuke kwamba jambo lile kubwa lilianzia Dar es Salaam, barazani, na waliokuja na shida walikuwa wanafunzi.

Wenzetu wa Chama cha Wanafunzi Wakatoliki, YCS, wanayo njia inayofanana na hiyo. Wameirithi kwa padri Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyewakusanya vijana wafanyakazi wa viwandani miaka 100 hivi iliyopita. Ni maneno matatu: tazama, amua, tenda. Watu wazima tuna desturi ya kutazama na kuamua sisi, kisha tukawaachia watoto lile la tatu.

MICHE 200

Twasema hivyo kwa uzoefu wa aibu. Kabla ya kuletwa katika kazi hii ya gazeti tulipata kuwa walezi wa klabu ya mazingira katika shule moja, na tulikuwa na bidii kuliko busara. Tuliomba miche 200, tukaipata. Tuliweka siku mwishoni mwa Novemba, mvua zikiwa zimeanza. Tukaalika wageni, tukapima mistari kwa kamba, tukawaonyesha watoto mahali pa kuchimba. Wageni walipanda mche mmoja mmoja, picha zikapigwa, watoto wakaimba. Juma la pili baadaye shule ikafungwa kwa likizo ya Desemba. Hatukuwa tumemwuliza mtu yeyote: nani atabaki na miche? Mbuzi hawana likizo. Tuliporudi Januari tulihesabu miche 11 iliyosimama, na hiyo yote ilikuwa upande mmoja wa uwanja, jirani na nyumba ya bibi mmoja ambaye aliizungushia miiba kwa hiari yake bila kuambiwa na mtu.

Mwaka uliofuata tuliona haya kuomba miche mingine. Watoto ndio waliotuuliza. Safari hii tuliwaacha waseme. Hawakutaka miti uwanjani, walitaka kivuli penye foleni ya kisima, kwa kuwa hapo ndipo mama zao na dada zao husimama juani. Hilo hatukulifikiri kamwe, kwa maana sisi hatukupata kusimama katika foleni ile. Walisema miche 24 yatosha. Kila mche ukapewa watoto wawili, na katika kila wawili mmoja awe wa nyumba ya karibu, asiyesafiri likizo. Mzee mmoja mwenye mbuzi aliitwa kikaoni, akaombwa miiba, akaitoa. Yeye alifurahi kuombwa. Mwaka uliopita tulimlaumu tu. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, kila aliyekuja kuteka maji alimwagia mche uliokuwa karibu naye yale yaliyobaki katika kata. Miche 19 ilishika. Hatukupiga picha.

Ukiyalinganisha hayo mawili utaona kwamba udongo ni uleule na mbuzi ni walewale. Kilichobadilika ni nani aliyeamua, na ni mahali gani palipokuwa na mtu mwenye haja.

Kwa hiyo, mwalimu mlezi anayetusoma, twakuomba uanze na dogo. Watoto 15 hadi 25 watosha klabu moja. Wakizidi hapo, wagawe. Wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nao wabadilike kila muhula, ili yule mtoto mwenye kigugumizi naye apate siku ya kuketi mbele. Katibu aandike katika daftari: siku, waliohudhuria, lililoamuliwa, nani atalifanya, na lini. Kikao kinachofuata kianze kwa kusoma daftari hilo. Mtoto aliyesimama mbele ya wenzake akasema, “Nilipewa kazi ya kumwona mwenyekiti wa kijiji, sikwenda,” amejifunza jambo ambalo ubao hauwezi kumfundisha. Fedha, hata zikiwa shilingi mia tano, ziandikwe, na kisanduku kiwe na kufuli mbili na funguo zikae kwa watoto wawili. Akina mama wa VICOBA hawahitaji maelezo zaidi hapa. Mlezi aketi nyuma. Aseme akiulizwa, na asimame pale tu anapoona hatari au uonevu. Twajua ni vigumu. Sisi wenyewe tuliketi nyuma na kukohoa sana.

Neno moja kando, juu ya Mdahalo. Yasikitisha kuona kwamba watoto wa leo wangali wakishindana juu ya mada ileile waliyoshindania babu zao, kama mwalimu ni bora kuliko mkulima. Hakuna aliyepata kubadili nia yake kwa mjadala huo, wala hakuna aliyeutafutia habari hata moja. Mpeni mtoto mada iliyo mlangoni pake: je, kisima kifungwe kwa kufuli usiku? je, pikipiki zipite katikati ya uwanja wa shule? Hapo atakwenda kuuliza, atahesabu, atasikiliza upande wa pili. Kadhalika, shule inayoendesha mdahalo kwa Kiingereza tu yawasikiliza watoto watano walewale kila juma. Kiingereza kina siku yake. Lakini mtoto ajifunze kwanza kuwa na hoja.

Michezo ya mashindano, UMITASHUMTA na UMISSETA, ni mizuri nasi twaishangilia. Ila huchuja: kutoka shule hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, hata wabaki wachache wenye mbio. Klabu njema haichuji. Ni mahali ambapo yule asiye na mbio, asiye na sauti ya kwaya, na aliyeshika nafasi ya 40 katika mtihani, aweza kuwa mtu anayehitajiwa.

KAZI GANI, KWA NANI?

Klabu inapochagua kazi ya kujitolea, ijiulize: nani ataikosa kazi hii tusipoifanya? Kama jibu ni “hakuna,” iachwe. Kama jibu ni “mtu fulani angelipwa ujira kuifanya,” iachwe pia, kwa kuwa watoto hawawekwi mahali pa kibarua ili tajiri aokoe fedha yake, hata kama tajiri huyo ni shule, au parokia. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa hata katika kazi nyepesi, yakataza kazi za hatari, na yakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ni aibu kwamba klabu fulani fulani huwafanyisha watoto bure yale ambayo sheria haingekubali wayafanye kwa malipo.

Kazi njema ziko karibu, wala hazina gharama. Katika vijiji vingi wapo wazee wenye simu za mkononi wasioweza kusoma ujumbe. Fedha imetumwa na mwana aliye mjini, nao hawajui kama imefika, au wamtegemea kijana wa dukani ambaye huwakata apendavyo. Watoto wawili waaminifu wakimpitia bibi wa namna hiyo kila Jumamosi, wakamsomea ujumbe wake na kumwonyesha tarakimu mpaka azijue mwenyewe, wametenda jambo kubwa. Neno lake la siri wasiliulize, na akitaka kuwatajia wamkataze. Wengine waweza kuwasomea hadithi watoto wa darasa la kwanza. Wengine waweza kufukia madimbwi na kugeuza makopo yanayoshika maji ya mvua, ambamo mbu huzaliana, au kujenga kibanio cha kunawia mikono kwa kopo na kamba nje ya choo.

Klabu ya Msalaba Mwekundu ina fundisho ambalo twatamani kila nyumba ilipate kupitia kwa mtoto wake. Mtu aliyeungua kwa moto au maji ya moto hapakwi dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia, wala yai. Hummiminia maji safi ya baridi pale palipoungua, kwa dakika 20, bila kutumia barafu. Huvua pete na bangili kabla hajavimba. Kisha hufunika kwa kitambaa safi na kumpeleka zahanati. Mtoto anayetoka damu puani asilazwe chali wala asiinuliwe kichwa nyuma, maana damu humwingia kooni. Ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili kwa dakika 10 bila kuachia, avute pumzi kwa kinywa. Haya hufundishwa kwa saa moja na hukumbukwa miaka mingi. Ni mara ngapi tumeona mama akikimbilia dawa ya meno, si kwa ukaidi, ila kwa kuwa ndivyo alivyofanyiwa yeye!

Jambo jingine hatuna budi kulisema wazi, ingawa si la kupendeza. Mtoto anayekwenda kumhudumia mtu asiende peke yake. Waende wawili au zaidi, mchana, mlango ukiwa wazi, nao wazazi wote wawe wamearifiwa ni nyumba gani na saa ngapi. Hali hiyohiyo na mlezi wa klabu, awe mwalimu, awe katekista, awe padri: asikae na mtoto mmoja mahali pa faragha. Mtu mwema hachukizwi na kanuni hii. Mzazi akimwona mlezi anayechukizwa nayo, amtoe mtoto wake, kisha atoe taarifa.

KWA WAZAZI

Mtatuuliza juu ya mitihani. Mzazi wa mjini hasa hulipia masomo ya ziada, na kila saa anaihesabu. Hatutawaambia kwamba klabu itampa mtoto alama za hesabu. Twasema tu kwamba Jumatano moja ni saa mbili kati ya saa zote za juma, na mtoto wa umri huu, akikosa kundi jema la kukaa nalo, atatafuta kundi. Halikosi kupatikana.

Aidha, mna haki ya kuikataa klabu ya karatasi. Ziko nyingi: zina jina ukutani, zina mchango wa kila muhula, na siku ya mkaguzi huvaa sare. Njia ya kuzijua ni rahisi. Mwulize mtoto jioni: Jumatano mlifanya nini? Nani aliamua? Juma lijalo mtafanya nini, na wewe umepewa sehemu gani? Akikosa majibu mara mbili au tatu, nendeni kwa mwalimu, kwa heshima, mkaombe kuona daftari la klabu. Na mchango wa skafu au fulana usiwe sababu ya mtoto kufungiwa nje. Klabu yaweza kuishi miaka 10 bila fulana.

Lakini kikwazo kikubwa kuliko fedha tulitajiwa na yule fundi wa baiskeli siku ile ya kwanza. Ni maji. Ukihesabu waliobaki katika klabu baada ya muhula mmoja, mara nyingi utawakuta wavulana. Wasichana waliandikishwa, wakaja mara mbili, kisha ndoo ikawaita, au mdogo wa kubebwa, au sufuria ya jioni. Hakuna aliyewakataza. Nyumba imepangwa hivyo tu, na kwa kuwa imepangwa hivyo tangu zamani, hakuna anayeona kwamba imepangwa na mtu.

Juzi tulipita kibandani kwake. Alikuwa ameinamia gurudumu, nasi tukaketi juu ya debe tukamwambia haya yote kwa ufupi, pamoja na habari za mbuzi, ambazo zilimchekesha kupita kiasi. Alipokwisha kucheka akarudia lilelile: “Sawa, Padri. Na maji?” Tukamwuliza kaka yake yule binti ana umri gani. Akasema miaka 15. Tukamwuliza Jumatano jioni hufanya nini. Fundi akazungusha gurudumu, akalitazama likizunguka mpaka likasimama lenyewe. “Hucheza mpira,” akasema. Kisha akaongeza: “Kisima hakiko mbali na uwanja.”

Alifungua kisanduku cha vipuri akaitoa karatasi, sasa ina doa la grisi, akaomba kalamu. Akataka kutia alama kwenye Msalaba Mwekundu, kwa sababu, alisema, yeye huungua mkono kila anapoziba mpira kwa moto. Tukamshika mkono kidogo, tukamwuliza kama amemwuliza mwenye kwenda. Alitutazama, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati.

“Jioni nitamwuliza,” akasema.